Kubuni Programu ya Simu: Mtumiaji Kwanza, Skrini Baadaye

Habari yako, karibu. Leo tunabuni sehemu moja tu ya programu ya simu: mgonjwa anapanga miadi na daktari. Kompyuta unayoiona hapa nyuma nimeizima makusudi. Ukiiwasha sasa utaanza kuchagua rangi, wakati hata hujajua unamtatulia nani shida gani.

Chukua karatasi, andika tatizo kwa sentensi moja. Usiandike "tunahitaji programu ya miadi", maana hilo tayari ni suluhisho. Andika hivi: "Mgonjwa hajui daktari ana nafasi lini mpaka apige simu, na simu mara nyingi haipokelewi." Umeona? Huenda ujumbe mfupi ungetosha, programu isihitajike kabisa. Ni bora ujue hilo leo.

Sasa twende kwa watu, na hapa usiwe na haraka. Tafuta wagonjwa kadhaa, uketi na mmoja mmoja. Usiwaulize "ungependa programu ya namna gani?" Watakujibu kwa adabu, na jibu halitakufaa kitu. Uliza: "Mara ya mwisho ulipopanga miadi, ulianzia wapi? Ikawaje baada ya hapo?" Halafu nyamaza, mwache aeleze, na umwombe akuonyeshe. Angalia vizuri vile vijanja anavyojitungia mwenyewe: kadi ya kliniki aliyoipiga picha ili asisahau namba, au dada anayepigiwa simu kwa sababu yeye ndiye anayejua kusubiri. Kila kijanja kinakuonyesha mahali mfumo ulipomwangusha. Na usimsahau karani wa mapokezi. Wabunifu humruka, ilhali ndiye anayejua miadi huvurugikia wapi.

Uliyoyasikia yaandike kwenye vikaratasi, jambo moja kila kimoja, uvibandike ukutani. Yanayofanana yasogeze pamoja.

Kisha chora mtiririko: visanduku na mishale. Anafungua, anachagua daktari, anaona siku, anathibitisha. Ukimaliza, rudi kwenye kila kisanduku ujiulize: mambo yakiharibika hapa, je? Siku zimejaa. Mtandao umekatika katikati. Kathibitisha mara mbili bila kujua. Kwa maoni yangu, kazi ya mbunifu huonekana hapa kuliko kwenye skrini nzuri ya kwanza.

Skrini zenyewe zianze kwa kalamu, matoleo matatu yanayotofautiana kweli. Chagua moja, ndipo uwashe kompyuta. Mambo machache ya kuzingatia: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti (yaani hata watu wenye ulemavu waweze kuitumia), unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1. Kwa vitufe, Apple inashauri angalau pointi 44 kwa 44 (pointi ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini). Kosa usilionyeshe kwa wekundu peke yake, kwani wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Weka na maneno. Tena maneno ya kibinadamu: "Saa hii imeshachukuliwa. Chagua nyingine hapa chini."

Tufanye jaribio. Mpe mtu simu yenye skrini ulizobuni, na kisa: "Mwanao ana homa, unataka daktari amwone kesho asubuhi." Neno lililoandikwa kwenye kitufe usilitaje, utakuwa umempa jibu. Mwombe aseme kwa sauti anachofikiria. Akikwama, usimsaidie. Najua mkono utakuwasha, uweke mfukoni. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", mjibu: "Wewe unadhani ukibonyeza itakuwaje?"

Watu wangapi? Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo. Wengi hunukuu hapo na kuishia hapo. Ushauri wake wenyewe ulikuwa kwamba ukiweza kupata watu 15, wagawe katika majaribio matatu ya watu watano watano, na urekebishe kila baada ya jaribio.

Basi panga uliyoyaona kwa uzito: kwanza yaliyomzuia mtu kumaliza, yafuate yaliyomchelewesha, na malalamiko ya rangi yawe mwisho. Rekebisha ya juu, kisha tafuta watu wapya, kwa sababu wale wa mwanzo sasa wameshajua kitufe kiko wapi.