Gauni Moja, Rangi Tatu

Shikamooni wakubwa. Vijana wenzangu, habari za jioni.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za sendofu hapa hapa Dodoma, ukumbi sitautaja. Siku ya kukabidhi albamu, mama wa binti alivaa miwani, akafunua kurasa mbili tatu, akaniuliza: "Mwanangu, gauni langu lilikuwa jeupe. Huku la njano, huku la kijani, huku la bluu. Nilibadilisha saa ngapi?" Nikawasingizia waliochapa. Mungu anisamehe.

Kamera ilikuwa nzima. Kosa ni kwamba niliiachia ikisie yenyewe mizani ya weupe, ile mnayoiita waiti balansi, inayofanya kilicho cheupe kitoke cheupe chini ya taa yoyote. Ukiiweka kwenye oto, inakisia upya kila picha kwa kutazama kilichojaa kwenye fremu. Bibi harusi akisimama mbele ya mapambo mekundu, kamera inaweza kudhani mwanga wenyewe ndio mwekundu, ikamwaga rangi ya ubaridi kuusawazisha, na uso wake ukawa kama wa mgonjwa. Asogee hatua tatu mpaka kwenye ukuta wa krimu, hesabu inabadilika. Taa ni zilezile.

Ila na taa nazo si za kuaminiwa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: namba ndogo ni unjano, kubwa ni ubluu. Balbu ya waya ni kama Kelvini 2,800, jua la mchana 5,500 hivi, tyubu laiti huuzwa za 4,000 na za 6,500. Moja ikiungua, fundi hasomi namba, anafunga iliyopo. Hebu tazameni juu, ile ya tatu kutoka mlangoni. Mmeiona?

Sasa njooni kwenye kile ambacho macho hayakioni. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una mapigo mawili, kwa hiyo tyubu yenye choki ya zamani, kile kifaa cha kuiwasha na kudhibiti umeme wake, hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Unga uliopakwa ndani ya kioo haufifii kwa pamoja: unaotoa bluu kwa kawaida huwahi, mwingine huchelewa, kwa hiyo mwanga huelekea unjano kila unaposhuka. Kijana wa shati la bluu, njoo ushike karatasi hii. Napiga kumi mfululizo kwa shata ya 1/500, yaani kamera inafungua mlango wake kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, mizani nimeifunga kabisa. Haya, skrini: ya kwanza ina unjano, ya nne imepoa, ya saba nusu yake ni giza. Sijagusa kitu! Sasa 1/50... Kumi zote mapacha, kwa sababu kila moja imekusanya mapigo mawili kamili. Kwa 1/100 utapata pigo moja kamili, nayo inatosha. LED za bei nafuu nazo humetameta, na zenye kipunguza mwanga zina mapigo yao. Hizo zijaribu kabla wageni hawajaingia.

Na muda huohuo kabla ya wageni, weka kadi ya kijivu kwenye kiti cha maharusi, ipige, pima mizani kwayo, kisha ifunge. Karatasi ya kuchapishia ni ya dharura tu, maana nyingi zina kemikali ya kuzing'arisha inayovuta kwenye bluu. Hifadhi faili ghafi, ile RAW ambayo kamera haijaipika, maana JPEG, iliyokwisha kupikwa na kubanwa, haisamehi sana ukirekebisha rangi. Flashi ina rangi ya jua la mchana. Kwenye ukumbi wa balbu za njano ifunike kwa plastiki ya rangi ya machungwa, la sivyo maharusi watakuwa wa Dodoma na ukuta wa nyuma yao wa jikoni kwenye kuni.

Ndiyo, dada, uliza. Taa za DJ? Hizo msishindane nazo. Taa ya zambarau haina kijani ndani yake, na mizani hairudishi rangi ambayo haikuingia kwenye lenzi. Mimi humfuata DJ mapema, nikamwomba wakati wa kukata keki aache nyeupe peke yake. Mara nyingi anakubali, hasa akishakula.