Virginia 1662: Sheria Iliyomfuata Mtoto Tumboni

Haya, asanteni sana, naona kule nyuma watu bado wanatafuta viti, njooni huku mbele vipo. Naanza tu maana muda wenyewe ndo huo.

Kila nikiitwa kuongelea historia ya Marekani najua nitakachokikuta, watu wana ile pembetatu ya biashara ya watumwa kichwani. Afrika, Amerika, Ulaya, mishale mitatu, watumwa wanaenda huku, tumbaku na sukari zinaenda kule, bunduki na nguo zinarudi kwetu, basi, mwalimu anafuta ubao na kengele inalia. Mwanafunzi anatoka pale anaamini Mwingereza alishuka melini Virginia, koloni lake kule Amerika ya Kaskazini, akiwa na mfumo mzima tayari, bwana mweupe, mtumwa mweusi, vizazi na vizazi. Hapana jamani. Nimelisema hili mpaka wenzangu wamenichoka na bado nitalisema. Ule mfumo ulitungwa. Ulikaliwa vikao, ukapigiwa kura, una tarehe na una vifungu, na ukizipanga zile tarehe utaona karibu kila kifungu kiliwekwa baada ya mtu fulani kupata upenyo wa kutoka.

Jamestown 1607, makazi ya mwanzo ya Waingereza pale Virginia, mnaijua, njaa yao mnaijua, tumbaku ya John Rolfe, mlowezi aliyeianzisha kama zao la biashara, mnaijua, siendi huko. Agosti 1619 meli inaitwa White Lion inatia nanga Point Comfort, pwani ya Virginia, na Waafrika ishirini na kitu, waliporwa kutoka meli ya Wareno iliyowatoa Luanda. Sasa swali langu, siku ile wanashuka, sheria ya Virginia ilisema nini juu yao? Haikusema chochote. Tumbaku ilikuwa inalimwa zaidi na vijana maskini wa Kiingereza waliofungwa mkataba wa miaka kadhaa kulipia nauli ya meli, wanapigwa, wanauzwa mikataba yao kama ng'ombe, wengi wanakufa kabla muda haujaisha. Kati yao wapo Waafrika walioshikiliwa maisha na wapo waliojikomboa. Anthony Johnson aliletwa kutoka Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1620, kufika 1651 ana ekari 250 upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, ana watu wanamfanyia kazi, akienda mahakamani anasikilizwa. Na huyohuyo Johnson mwaka 1655 akaenda mahakamani kudai John Casor, Mweusi mwenzake, awe wake maisha yote, na mahakama ikampa. Yaani mambo yalikuwa hayajakaa sawa, hicho ndo nataka mkione.

Mwaka 1640 watumishi watatu wanatoroka pamoja kwenda Maryland, Mholanzi mmoja, Mskoti mmoja, na Mwafrika anaitwa John Punch. Wanakamatwa wote. Viboko 30 kila mmoja, hapo wako sawa. Halafu wale wawili wanaongezewa miaka minne. Punch anaambiwa atamtumikia bwana wake maisha yake yote. Kosa moja, usiku mmoja, njia moja waliyopita. Na hiyo ni hukumu tu ya mahakama, sheria yenyewe bado.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kwa huyu dada, huyu ndo sababu ya mimi kusimama hapa.

Elizabeth Key. Kazaliwa Virginia kama 1630 hivi, mama Mwafrika mtumwa, baba Mwingereza, Thomas Key, mjumbe wa bunge la koloni. Baba alifikishwa mahakamani akapigwa faini kwa kumpa mimba yule mama. Mwaka 1636 baba anataka kurudi Uingereza, anamkabidhi mtoto kwa Humphrey Higginson, ambaye ndiye baba yake wa ubatizo, kwa miaka 9, kwa masharti amtunze vizuri kuliko mtumishi wa kawaida, kisha awe huru. Baba anafariki. Mtoto anaishia mikononi mwa mtu mwingine, Kanali John Mottram kule Northumberland, wilaya ya Virginia, na ile miaka 9 inapita, inapita mingine tena, hakuna anayemwachia. Mwaka 1655 Mottram anakufa, wasimamizi wa mirathi wanaorodhesha mali, na Elizabeth wanamwandika kwenye orodha. Yeye na mwanawe mchanga, John.

Baba wa yule mtoto alikuwa kijana wa Kiingereza, William Grinstead, naye mtumishi wa mkataba, lakini sheria alikuwa anaijua. Akawa wakili wake. Wakafungua kesi. Na hoja zao, jamani, zilikuwa zimepangwa na mtu anayejua anachokifanya. Ya kwanza, kwa sheria ya Kiingereza mtoto hufuata hadhi ya baba, na baba yangu alikuwa mtu huru. Ya pili, mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na imani yangu naweza kuieleza. Ya tatu, nilikabidhiwa kwa miaka 9 na imeshapita zamani. Wakaleta mashahidi. Kuna bibi mmoja, Elizabeth Newman, umri miaka 80 hivi, akaieleza mahakama kwamba Virginia nzima ilikuwa inajua huyu ni binti wa Key na kwamba Key alipigwa faini kwa hilo. Fikiria uhuru wa mama na mtoto wake umebebwa na kumbukumbu ya bibi wa miaka 80! Kwa sababu baba kafa, na aliye hai mwenye maslahi anataka abaki kwenye orodha ya mali.

Januari 1656 mahakama ya wilaya inampa ushindi. Wasimamizi wanakata rufaa, mahakama kuu ya koloni inageuza. Elizabeth hakukata tamaa, wakapeleka bungeni. Kamati ya bunge ikakaa, ikasema mtoto wa mwanamke mtumwa aliyezaliwa na mtu huru anapaswa kuwa huru, na tena alipwe kwa muda aliotumikishwa kupita kiasi, apewe mahindi na nguo kama mtumishi yeyote anayemaliza mkataba. Mwaka uleule akawa huru, akaolewa na Grinstead.

Wengi wakisimulia wanaishia hapo, wanapiga makofi. Mimi nawaambia geuza ukurasa. Desemba 1662, miaka sita tu, bunge lilelile linapitisha sheria, na inaanza kwa kusema kumetokea mashaka iwapo watoto waliozaliwa na Mwingereza kwa mwanamke Mweusi ni watumwa au ni huru. Kumetokea mashaka! Elizabeth hatajwi kwa jina, ila mashaka hayo yalitoka wapi kama si kwa watu kama yeye? Jibu lao likawa kwamba kuanzia sasa mtoto atafuata hadhi ya mama. Wakaipindua sheria ya Kiingereza ya karne na karne, sheria iliyompa mtoto jina la baba na hadhi ya baba, wakaipindua kwa mtu mmoja tu, mwanamke mtumwa. Na tazama hesabu yake. Bwana akimwingilia kwa nguvu mwanamke anayemmiliki, halei mtoto, harithishi. Anaongeza mali. Mtoto wake wa kumzaa ni mali yake.

Hoja ya pili ya Elizabeth ilikuwa ubatizo, siyo? Mwaka 1667 wakapitisha nyingine, ubatizo haumtoi mtu utumwani. Kwa hiyo hoja mbili kubwa alizoshindia, zote mbili zikafungwa ndani ya miaka kumi na moja. Mtu aniambie hiyo ni bahati mbaya.

Najua kuna ndugu hapa anasubiri kuniambia mbona utumwa ulikuwepo hata kwetu pwani. Ulikuwepo, na ulikuwa uovu, sina maneno ya kuutetea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 tena kwa kulazimishwa, na amri ya 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa iliwaacha masuria nje mpaka 1909. Lakini kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana na kukubaliwa na baba yake alikuwa huru, akarithi. Sayyid Majid, Sayyid Barghash, mama zao walikuwa masuria, na wao wakatawala Zanzibar. Sasa mpeleke Barghash Virginia kwa sheria ya 1662, mama yake Mhabeshi mtumwa, anauzwa mnadani pamoja na farasi. Silinganishi maumivu, nataka uone kwamba walikuwa na njia nyingine za kutunga ile sheria, wakachagua hii. Watu walichagua.

Haya naona naoneshwa saa, twende haraka. 1669, sheria ya kwamba bwana akimuua mtumwa wakati wa kumwadhibu siyo kosa la jinai, maana nani aharibu mali yake kwa makusudi, ndivyo walivyoandika wao. 1676 uasi wa Nathaniel Bacon, mwenye shamba aliyemwasi gavana wa Virginia, ambaye hakuwa mtu mwema, alianza kwa kuwachinja wenyeji wa Amerika, ila jeshi lake likachoma Jamestown na kati ya wa mwisho kukataa kuweka silaha chini walikuwepo Weusi kama 80 na Waingereza 20 pamoja. Hiyo picha ya maskini weupe na weusi upande mmoja wenye mashamba waliielewa. 1691 mweupe akioana na mweusi au mwenyeji anafukuzwa koloni. 1705 wakakusanya yote, na humo mtumishi mweupe anayemaliza mkataba anapewa mahindi, shilingi 30 na bunduki, wakati mtumwa haruhusiwi kushika silaha na ng'ombe na nguruwe wake wananyang'anywa, wanauzwa, pesa inasaidia maskini wa parokia. Maskini weupe, bila shaka mmeelewa.

Kwa nini nimekomaa na 1662? Kwa sababu bila hiyo sheria, pamba ya Marekani huielewi. Waafrika waliofikishwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini hawafiki laki nne, sehemu ndogo sana ya milioni zaidi ya 10 walioshushwa mabara yale. Uingizaji ukapigwa marufuku 1808. Lakini watumwa ambao 1790 walikuwa kama laki saba, 1860 wanakaribia milioni nne. Wametoka wapi? Wamezaliwa. Mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba imekuja 1793, Kusini kunafunguka, na Virginia inawauza watoto wake kwenda Mississippi na Alabama. Pamba hiyo inasokotwa viwanda vya Massachusetts, na baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, merikani ile, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani, inajaa Zanzibar, misafara inaibeba mpaka Tabora na Ujiji kama fedha. Babu zetu walivaa jasho la vizazi vya 1662 na hakuna aliyewaambia.

Kuhamishwa kwa nguvu kwa Wacherokee, kabila la wenyeji wa Amerika, nilikuwa nimeandaa, naruka. Kesi ya Dred Scott 1857, mtumwa aliyedai uhuru wake, mahakama kuu ya Marekani inasema Mweusi hawezi kuwa raia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1865 utumwa unafutwa. Na 1868 marekebisho ya 14 ya katiba, kila aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya sheria zake ni raia, bila kuuliza mama alikuwa nani. Miaka 206 kutoka ile Desemba. Mwaka 1898 mahakama ikaithibitisha kwa Wong Kim Ark, kijana wa San Francisco, wazazi Wachina. Kesi ya Plessy ya 1896 na treni za kutenganisha weupe na weusi sijagusa, naomba mmoja aniulize. Mwenyekiti, maiki hiyo, tuanze na yule mama aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Barghash.