Wiki Mbili Zisizokuwa na Mimba

(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii na wazazi watarajiwa, Kisumu)

Ndugu wahudumu wa afya, akina mama na akina baba mliofika, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya kukadiria siku ya kutungwa mimba na siku ya kujifungua, nami nitaanzia pale ambapo fujo huanzia, yaani nyumbani, mke anaporudi kutoka kliniki akiwa na karatasi ya skani mkononi.

Chukueni mfano huu. Karatasi ya tarehe 20 Agosti 2025 inasema mimba ina wiki 12 na siku 1. Mume anafanya kazi Mombasa, na alirudi nyumbani Jumamosi tarehe 7 Juni. Anasimama mbele ya kalenda ya ukutani, anahesabu kurudi nyuma, kidole kinatua tarehe 27 Mei, siku ambayo yeye alikuwa bado pwani. Anaikunja karatasi na kunyamaza. Mke naye hajui ajibu nini, kwa kuwa hesabu ya mumewe haina kosa. Kilichokosewa ni maana ya siku ile aliyoifikia.

Umri wa mimba hospitalini hauhesabiwi tangu mimba ilipotungwa. Huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo mwanamke aliiona kwa macho yake, ilhali siku yai lilipokutana na mbegu haikushuhudiwa na yeyote. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, yai hupevuka takribani siku ya 14, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo katika hesabu ya kliniki ni wiki ambazo mimba haikuwapo kabisa. Mke wa mfano wetu aliingia mwezini tarehe 27 Mei. Mimba ikatungwa karibu na tarehe 10 Juni, siku tatu baada ya mumewe kushuka kwenye basi.

Nasema “karibu na”, na neno hilo naomba mlishike. Mbegu ya mwanamume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, na hata skani ya miezi mitatu ya kwanza, ambayo ndiyo sahihi kuliko zote, huweza kupotoka kwa siku 5 hadi 7 mbele au nyuma. Anayetaka skani imtajie usiku mmoja anaibebesha mzigo usio wake.

Kanuni ya kukadiria siku ya kujifungua ina jina la Franz Naegele, daktari Mjerumani wa uzazi aliyefariki mwaka 1851: ongeza siku 7 kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kisha rudi nyuma miezi 3. Tarehe 27 Mei inakuwa 3 Juni, na kutoka hapo tunafika tarehe 3 Machi ya mwaka unaofuata, ambayo ni siku 280 kamili. (Kwa tarehe nyingine jibu huzidi siku mbili tatu, kwa kuwa miezi hailingani; msigombane na mkunga kwa hilo.) Mwenye mzunguko wa siku 35 aongeze wiki moja, kwa sababu yai lake huchelewa kupevuka.

Asiyekumbuka tarehe asikemewe. Mwulizeni kwa matukio: je, ilikuwa kabla au baada ya sherehe za Madaraka zilizofanyika Homa Bay? Mahindi yalikuwa yamepaliliwa? Aliyeshika mimba baada ya kuacha sindano ya kupanga uzazi, kabla hedhi haijarejea vizuri, hana tarehe ya kutegemea, na huyo apelekwe skani mapema.

Ninasisitiza mapema kwa sababu ya hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani linashauri skani moja kabla ya wiki 24. Mwanzoni watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana. Baadaye kila mmoja hufuata njia yake, na skani ya miezi mitatu ya mwisho huweza kukosea kwa wiki 3. Katika ukanda huu wa ziwa, malaria hushambulia kondo la nyuma na kumdumaza mtoto tumboni, hivyo skani iliyochelewa humwona mdogo na kumpunguzia umri, na mama huambiwa asubiri wakati siku zake zimekwisha kutimia. Hata vidonge vya SP vya kukinga malaria, vinavyoanza kutolewa wiki ya 13, hutegemea hesabu hiyohiyo.

Ni watoto wachache sana, wapatao 5 katika kila 100, wanaozaliwa siku yenyewe iliyoandikwa. Kwa mama wa mfano wetu, mtoto atakayezaliwa kati ya tarehe 10 Februari na katikati ya Machi hajawahi wala hajachelewa kupita kiasi. Lakini tarehe 10 Machi ikifika, wiki ya 41 imetimia. Ikiwa uchungu haujaanza, asikae nyumbani kuungoja, aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe, na kijitabu chake akibebe.