Kabla ya Kutoka Nyumbani Tanga, Uliza Mwezi

(Mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa jiografia na walimu wapya waliopangiwa vituo jijini Tanga, kama yalivyotolewa ukumbini.)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mlioko kule mlangoni, mliokaa kama watu wenye gari la kuwahi, habari zenu? Sogeeni mbele wanangu, viti havitozwi kodi.

Nimeombwa niwaambie mahali pa kwenda hapa Tanga siku ambazo hamsahihishi madaftari. Kabla sijaanza nina swali. Jana magharibi, nani aliuona mwezi?

(Mkono mmoja unanyooshwa.)

Mmoja tu. Umetoka wapi, mwanangu? Pemba. Aa, nilijua. Nyinyi wengine mmeshuka stendi ya Kange na mabegi yenu, lakini Tanga bado hamjaingia.

Mmekwisha kuusikia ule msemo wa mji huu, waja leo waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake na sitaki kugombana na wazee wenzangu. Mimi huukumbuka ninapowaona wageni pale stendi. Mtu anashuka, anakula wali wake, anapanda gari la Pangani au la Lushoto, au anavuka Horohoro kwenda Mombasa. Ukimuuliza, anasema Tanga ameiona, mji umepoa, bahari yenyewe tope tupu. Hasemi uongo. Alikwenda Raskazone, ufukwe wetu wa kuogelea, saa tano asubuhi siku ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida. Sasa alitaka akute nini? Bahari ilikuwa kule, na yeye akaachiwa mawe.

Nami siwacheki. Mwaka 1981 nilipangiwa hapa nikitokea Korogwe. Hiyo ni Tanga hiyo hiyo kwa mkoa, lakini kwa bahari mimi na mtu wa Dodoma tulikuwa sawa. Nilikuwa na baiskeli mpya, mkopo wa miezi minane. Jumamosi moja nikaenda nayo Sahare, nikakuta pwani pakavu, pana kama uwanja wa mpira, akina mama wameinama wanaokota chaza. Nikaiegemeza baiskeli kwenye mkoko, nikaifunga na kufuli vizuri kabisa, nikatembea kuelekea majini na daftari langu la jiografia. Nilipogeuka, mkoko ulikuwa ndani ya maji na baiskeli naona usukani tu. Mama mmoja akanipita na ndoo yake kichwani, akanitazama, akasema, "Mgosi, umeifunga isiibiwe na papa?"

Ndiyo siku niliyoanza kusoma jiografia.

Sasa chukueni kalamu, maana haya hamtayakuta kwenye mtaala. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, yaani kwenye mwezi mosi hadi tatu na kwenye kumi na nne hadi kumi na sita, kidogo mbele kidogo nyuma, hizo ni siku za bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti inapita mita 3, imezidi urefu wa mlango. Na hapa kwetu maji ya bamvua yana saa zake: yanajaa kiasi cha saa kumi, kumi na moja, jioni na alfajiri, na yanakauka saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja yamegeuka, jioni ndipo yanapokupwa, lakini kivivu vivu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Hayo ni maji mafu. Ukiijua hesabu hiyo, umejua wapi pa kwenda lini. Simu zenu zinaweza kuwaambia hali ya hewa ya Ulaya, lakini muuza dagaa wa hapa atawaambia saa ya maji bila kuinua kichwa.

Kwa hiyo mwalimu anayetoka darasani saa tisa na nusu, siku ya bamvua apande baiskeli aende Raskazone. Tanga ni tambarare, hamna kilima cha kukutoa jasho la maana, ndiyo sababu mnaona wazee wa miaka sabini wamo barabarani na baiskeli, na mama na mwanawe nyuma. Pita kwenye majumba ya zamani na miti yake mikubwa, fika kwenye ngazi za kuogelea, maji yatakuwa yanazigonga. Ng'ambo unakiona kisiwa cha Toten. Wajerumani ndio waliokipa jina hilo, maana yake wafu, kina makaburi na magofu ya misikiti. Kaa majini mpaka jua liguse upande wa Ngamiani. Gharama yake ni kiingilio kidogo na taulo.

Na mkiwa mnaelea pale, jueni ni ufukwe gani huo. Novemba 1914 ndipo lilipotua jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, kama 8,000, wakitaka kuuteka mji. Waliowasubiri chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao askari wetu Waafrika, walikuwa kiasi cha 1,000 tu. Wakapigana hadi ndani ya mji, nyuki nao wakachafuka kwenye mizinga yao, wakawauma wa huku na wa kule bila kuuliza bendera. Baada ya siku chache waliokuja wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi chungu nzima. Vitabuni vinaitwa vita vya nyuki. Nyuki wamepata jina la vita, makaburi ya maofisa yanafagiliwa mpaka leo, na wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili hata pa kuwasomea fatiha hatupajui. Haya, tuendelee.

Mwezi huohuo unaamua mnakula nini. Nendeni soko la samaki la Deep Sea alfajiri, vyombo vinapoingia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wakiwasha taa, samaki wanaifuata. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Basi usigombane na mama muuzaji tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu, kagombane na mwezi. Wiki ya giza, kama hii tuliyomo, ndiyo ya kununua. Na msimu wa kusi bahari inapochafuka, ngalawa nyingi hazitoki mbali, mtakula mihogo na mtaizoea.

Nimetaja mihogo. Ngamiani jamani. Ngamiani sina haja ya mwezi, hiyo ni ya usiku wowote. Barabara zake zina namba, ya kwanza, ya pili, hadi kupita ya 20, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Anayepotea ni mwenye haraka. Mimi hutoka baada ya isha, natembea kwa miguu, baiskeli naikokota tu. Nasimama kwa muuza kahawa, kikombe kidogo cha kahawa chungu, kashata moja. Pale barazani utasikia habari zote, nani anajenga, nani ameposa, na Coastal Union wamefanya nini. Tahadhari moja hapo. Mji huu una Coastal Union, Wagosi wa Kaya, waliochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, na una African Sports, wa tangu 1936. Kabla hujatoa maoni, tazama kwanza umekaa baraza la nani. Kuna mwenzangu aliyesifu timu isiyo yake mahali pasipo pake, akalipishwa kahawa za watu kumi na mmoja.

Kutoka hapo nafuata moshi. Mihogo ya kuchoma, pweza, mkate wa kumimina kama bado upo, na maziwa. Tanga ni mji wa maziwa, mtindi wake usiuache. Na kama kuna mtu wa Kidigo au Kisegeju atakukaribisha kwake kula bada kwa mchuzi wa papa, usimuulize bada ni nini. Nawa mikono.

Siku za maji mafu nendeni bara. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini, ukishika barabara ya Mombasa. Kwa baiskeli ni mwendo wa chini ya saa moja. Ni mawe ya chokaa, maji yameyala pole pole kwa miaka mamilioni. Mwongozaji atawaonyesha kwa tochi umbo la hiki na kile, na atawapa hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea karibu na Kilimanjaro. Mwalimu wa sayansi asianze kubishana mle ndani kwenye popo. Chumba kimoja kina mzimu, watu wanaweka sadaka zao hadi leo, pitieni kwa adabu. Upande huohuo kuna maji moto ya Galanos, yananuka kiberiti, yamechukua jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe ulikuja mwaka 1893. Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Katika hiyo 62 yakatoka mashamba yote mnayoyapita kwenye basi.

Amani, kule juu ya Muheza, kunataka siku nzima na koti. Nendeni, sina la kuongeza, msitu unajieleza.

Lakini nikiambiwa nichague mahali pamoja, nachagua Tongoni. Shika barabara ya Pangani, kama kilomita 20. Njiani mnapita karibu na Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Walimu wa Kiswahili, mkipita hapo mpunguze mwendo. Tongoni yenyewe ni msikiti uliobaki kuta, na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo, nyingi zimeanguka. Watu wa karne ya 14 na 15 hao, waliishi hapo, wakafanya biashara na nchi za mbali. Nyuma yake mikoko, nyuma ya mikoko bahari.

Kaeni kwenye kivuli, mtazame baharini. Mwaka 1498 msafara wa Vasco da Gama ulipita hapo na merikebu yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu ya Mtang'ata. Ikasubiri maji kujaa ndipo ikanasuka. Wakiwa wamekwama waliiona milima ya Usambara kwa mbali wakaipa jina la merikebu yao. Wakati wa kurudi, mwanzoni mwa 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa, hawakutosha vyombo vitatu, wakaichoma moto São Rafael huku huku. Nami kila nikikaa pale naikumbuka baiskeli yangu. Nahodha mkubwa vile, ametoka Ureno, na bamvua la Mtang'ata halikumwuliza cheo. Mzee yeyote wa Tongoni angemwambia saa ya kupita, kama angeuliza.

Haya, maswali. Wewe dada.

(Anauliza kama ni kweli kuna samaki wa kale.)

Ni kweli, silikanti. Wataalamu walidhani wametoweka pamoja na dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, akapatikana mmoja hai Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa nchini wavuvi wa jarife walianza kuwanasa tangu 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari hapa Tanga kwa ajili yake. Hamtamwona, anaishi kwenye kina kirefu. Wala hafai kwa nazi, ana mafuta mabaya.

Na wewe kijana wa mlangoni, umeinua mkono au unaaga?

(Anauliza, kama ana jioni moja tu, ya leo, aende wapi.)

Unaona? Waondoka leo. Basi tufanye hesabu pamoja. Binti yetu wa Pemba ameuona mwezi jana magharibi, kwa hiyo leo mwezi ngapi? Mosi. Bamvua. Maji yanajaa saa ngapi? Sema kwa sauti. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Sasa hivi ni saa kumi kasoro dakika tano, na mwenyekiti ananionyesha saa yake. Mwenye baiskeli atangulie, asiye nayo achukue bodaboda aseme Raskazone, kwenye ngazi. Mimi kaptula ya kuogelea nimeivaa tangu asubuhi, iko ndani ya kanzu.