Vifuko Vyeupe Chini ya Jani la Kabichi

Assalamu alaykum. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi, na sitawavunja moyo: naanzia chini ya jani la kabichi.

Mzee mmoja wa hapa Pemba alinigeuzia jani lenye vifuko vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, akawa anaviponda kwa kidole gumba huku akinieleza kwa fahari kwamba anayamaliza mayai ya viwavi. Nikamshika mkono. Hayakuwa mayai. Nyigu wa jamii ya Cotesia hutaga ndani ya kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Mtoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani, humtoboa ubavu akatoka, kisha hujisokotea kifuko kile cha hariri. Pembeni mwa kifuko kimoja alikuwepo kiwavi mwenyewe, amenywea. Mzee akatazama kidole chake, akauliza: "Sasa nimeshawaponda wangapi tangu nianze kulima?"

Kwa kidole, wachache. Kwa bomba la mgongoni, hawahesabiki. Dawa nyingi tunazopulizia, za pairethroidi na za oganofosfeti, hazimjui adui wala rafiki, na kijidudu cha milimita mbili tatu hakihitaji sumu nyingi. Aliyenusurika na matone hukanyaga masalio yaliyokauka juu ya jani. Na asiyekufa kwa masalio huenda akashindwa kuifuata harufu inayompeleka kwa kiwavi, akawa anazurura shambani bila ya kazi. Kiwavi, kwa upande wake, anazizoea dawa hizo: nondo huyu aliripotiwa kuwa sugu hata kwa DDT, dawa ya zamani ya wadudu, huko Java, Indonesia, tangu miaka ya 1950. Basi tunapulizia, mlinzi anakufa, mwizi anabaki, na wiki ya pili tunaongeza kipimo!

Najua mtaniuliza tutakula nini tusipopulizia. Nami nawauliza: nani humu ameshawahi kuupulizia muhogo dawa? Sioni mkono. Kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mmea, aliingia Afrika miaka ya 1970 kutoka Amerika Kusini, akayaangamiza mashamba. Nyigu Anagyrus lopezi, ambaye hutaga ndani ya kidung'ata huyo, akatafutwa hadi Paraguay, akaachiwa Nigeria mwaka 1981, na Hans Herren aliyeiongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu yule alifika kwenye mashamba ambayo takriban hayakuwa na bomba, akaachwa afanye kazi yake. Tungule na kabichi zetu hazijapata bahati hiyo.

Mwarobaini na Bt, bakteria inayopuliziwa kuua viwavi, nilikusudia kuvieleza kwa kirefu, lakini naona naoneshwa saa. Itoshe kusema kwamba Bt humpata kiwavi anayelila jani, si nyigu anayeruka juu yake.

Kesho, kabla hamjajaza bomba, chumeni majani matano yenye viwavi, yatieni katika chupa pana, mfunike mdomo kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku kumi hivi nipigieni simu, mniambie kilichotoka ni nondo au nyigu.