Mtunya na swali la hiari

Ndugu zangu, habari za jioni. Jioni hii tunauliza kama hiari ya binadamu, yaani uhuru wake wa kuchagua, inajibu swali la uovu mbele ya Mungu mwema. Tuanzie hapa hapa Ugogo, katikati ya Tanzania. Kati ya 1917 na 1920 njaa iitwayo Mtunya iliua watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na wakazi kama 150,000. Mvua iligoma, ni kweli. Lakini ukame Mgogo aliuzoea: aliuza ng'ombe, akapata nafaka, akavuka mwaka. Safari hii, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yameshaswaga ng'ombe na kukomba maghala, na wanaume wakachukuliwa upagazi.

Sasa muumini anasema Mungu anaweza yote na ni mwema kabisa. Na uovu upo. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alidai kauli hizo hazikai pamoja. Mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga akamjibu: hata Mwenyezi hawezi kumlazimisha mtu achague kwa hiari, kwani ukilazimishwa si hiari tena. Basi huenda ulimwengu wenye hiari usipatikane bila uovu kabisa. Lishikeni hilo "huenda". Hoja inaonyesha tu kwamba kauli zile hazipingani. Haisemi kwa nini Mungu aliruhusu. Wanaoibeba hadi msibani wanaipa kazi isiyo yake.

Ipimeni kwa Mtunya. Aliyeswaga ng'ombe alichagua, hoja inamfikia. Mvua haichagui. Plantinga anasema maafa ya asili huenda yakatokana na hiari ya roho waasi: kimantiki inapita, ila sijui nani atatulizwa nayo. Kisha yupo mtoto aliyekufa. Hiari ya askari ililindwa. Ya mtoto iko wapi? Hapo ndipo hoja inapochechemea hasa.

Waislamu waliligombania hili mapema. Muutazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu, walisema mtu ndiye mwenye tendo lake, la sivyo adhabu ni dhuluma. Mwanatheolojia Al-Ash'ari, katika karne ya 10, akasema Mungu huliumba tendo, mtu hulichuma likawa lake; kuchuma huko ndiko *kasb*. Uweza wa Mungu ukabaki mzima, ila swali la haki likarudi kwa mlango wa nyuma.

Na ule usemi wetu wa matangani, "kazi ya Mungu haina makosa"? Kwa mvua, muumini anaweza kuusema. Ukiusemea Mtunya yote, umemwandikia Mungu hati ya ng'ombe waliochukuliwa na jeshi.

Karibuni maswali.