Waya Kwanza, Kung'arisha Baadaye

Ndugu wasikilizaji, walionisikia miaka iliyopita wanajua nitaanzia wapi, na waliokuja kujifunza kung'arisha maganda ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa, ili yajazwe upya, wataniwia radhi, kwa sababu ganda linalong'aa na ganda lililo salama ni vitu viwili tofauti, na kwa bahati mbaya la kwanza ndilo linalopendwa.

Ganda la jeshi linalonunuliwa kwa kilo halina historia inayojulikana. Huenda lilifyatuliwa katika bunduki ya kawaida, na huenda lilitoka katika bunduki ya rashasha, ambayo chemba yake, yaani tundu la bunduki linalolala risasi, mara nyingi huachiwa nafasi zaidi ili isikwame kwa vumbi na joto. Risasi inapofyatuliwa, gesi hulibana ganda kwenye ukuta wa chemba, huku kitako kikisukumwa nyuma mpaka kikutane na komeo linaloifunga chemba kwa nyuma. Nafasi ikiwa kubwa, shaba yenyewe ndiyo inayolazimika kurefuka ili kuiziba, nayo hukonda mahali pamoja tu: milimita chache juu ya kitako, pale ukuta mwembamba unapoungana na shaba nene. Nasi tukilipitisha katika kalibu, chuma cha kulirudishia ganda umbo lake, na kulirudisha nyuma bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingo, tunajipongeza kwamba tumelitibu, ilhali tumerudisha umbo tu na unene uliopotea haukurudi. Tena tukilisukuma bega kupita kiasi, tumeliandalia nafasi ya kurefuka upya, hadi siku litakapokatika vipande viwili ndani ya chemba.

Chukueni waya mwembamba wa chuma, muupinde ncha kwa pembe mraba, muinoe ncha hiyo, kisha muuburute ukutani kwa ndani kutoka kwenye kitako kuelekea mdomoni. Ncha ikinasa kwenye mfereji, yaani pale shaba ilipokonda, ganda hilo lipondwe kwa koleo kabla ya kutupwa, asije mwingine akaliokota na kufurahia bahati yake. Nilipoanza kazi hii nilisugua maganda ya ndoo nzima kwa siku mbili, nikakata shingo zilizozidi, nikasafisha matundu ya fataki, ile kofia ndogo ya kitakoni inayowasha baruti, na ndipo nikakumbuka waya. Sitawaambia niliponda mangapi; nitawaambia tu kwamba yalikuwa yaking'aa sana.

Najua kuna atakayesema kwamba mstari unaong'aa kwa nje unatosha kumwonya. Hautoshi, bwana. Kalibu nayo huacha mstari kama huo pale inapoishia kulibana ganda, kwa hiyo anayetazama nje atayatupa mazima na kuyatunza mabovu. Asiyeuamini waya na alikate ganda moja kwa msumeno, kwa urefu, alitazame.

Muda umekwenda, kwa hiyo mengine nayapitia mbio. Fataki za jeshi hufungwa kwa kukunjwa kingo za tundu. Mkunjo huo uondolewe kwa kuusukuma au kuuchonga kidogo, bila kulipanua tundu lenyewe. Maganda ya aina ya Berdan, yenye vitundu viwili vya kupitishia moto wa fataki, yaachwe, maana sindano ya kutolea fataki itavunjika. Ganda la 7.62 × 51, risasi ya bunduki za jeshi, likizidi urefu wa milimita 51.18 lipunguzwe. Maganda ya jeshi ya aina hiyo kwa kawaida ni mazito kuliko ya kiraia, maana yake nafasi ya baruti ni ndogo na shinikizo hupanda, basi vipimo vya baruti vya ganda la kiraia visihamishwe hivi hivi.

Kuhusu kulainisha shingo kwa moto nilitayarisha maelezo marefu, ila nitasema moja tu: kitako kisipate joto hilo kamwe, kwa kuwa kikilainika hakuna namna ya kukikaza tena. Na wenye kuosha kwa amonia waache leo. Shaba hii, yenye takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, hupasuka kwa amonia ikiwa imebaki na mkazo ndani yake.

Ganda nililolikata liko hapa mezani pamoja na waya. Lipitisheni, kila mmoja apapase mfereji ule kwa mkono wake.